Kinga yenye Mashini: Namba, Karatasi na Afya ya Jirani

Ninyi mliolala hospitalini na ninyi mnaowauguza, somo la leo si la homa wala la minyoo. Ni somo la kinga yenye mashini. Labda mtu atauliza: "Hospitali ina kazi gani na namba na karatasi za Serikali? Hayo si maneno ya polisi?" Ulizo hilo ni zuri. Basi angalieni vitanda katika nyumba ya waliovunjika mifupa. Ulizeni kila mtu aliumizwa na nini. Zamani wengi walijibu: nilianguka katika mchikichi, au: niliangukiwa na mti. Siku hizi mtasikia sana neno moja: pikipiki. Kwa hiyo sisi wa hospitali hatuwezi kunyamaza.

Watu wa pwani wanapotaja neno kinga, maana yake ni kuzuia ugonjwa kabla haujaingia. Kwetu Kongo kinga ni chombo cha magurudumu mawili. Katika somo hili maana hizo mbili zitakutana.

1. Mfano wa mwalimu

Sikilizeni mfano. Tuseme mwalimu mmoja wa shule ana kinga. Kila siku anakwenda kilometa kumi na mbili asubuhi, na kumi na mbili jioni. Anachoka. Anaweka akiba ya mshahara wake, ananunua mashini ndogo sokoni, anamwita fundi, naye fundi anaifunga katika kinga. Sasa mwalimu anafika shuleni upesi, na shati lake halina jasho. Watu wanamsifu. Rafiki yake anamwuliza, "Mwalimu, umekwenda kuiandikisha?" Naye anajibu, "Kuandikisha nini? Hii ni kinga tu. Pedali zake zingali pale pale."

Jioni moja mvua inanyesha. Mama mmoja anatoka shambani, ana kikapu cha mihogo mgongoni. Mwalimu anashuka mlima mbio. Anamwona mama, anashika breki, lakini breki za kinga hazikufanywa kwa mwendo kama ule, tena njia ina matope. Anamgonga mama. Mfupa wa paja unavunjika.

Mfupa wa paja si jambo dogo. Ukivunjika, damu kiasi cha lita moja au zaidi inaweza kumwagika ndani ya paja, bila tone moja kuonekana nje. Pengine ndugu za mama watatoa damu ili aishi. Kisha atalala kitandani majuma mengi, mguu wake unavutwa kwa kamba na uzito mpaka mfupa uunge sawa. Wakati huo shamba linaota majani, na watoto wanapikiwa na jirani. Mwishoni karani wa hospitali anatoa hesabu.

Mume wa mama anamwendea mwalimu. "Baba Mwalimu, nani atalipa?"

Mwalimu anainamisha kichwa. "Baba, nitalipa mimi. Lakini nipe muda."

"Hauna asiransi?"

"Sina, baba. Nilifikiri ni kinga tu."

Basi mwalimu anauza mashini, anauza kinga, anauza mbuzi wake wawili, na deni halijaisha. Mwalimu huyu si mtu mbaya. Hakulewa, hakuiba. Kosa lake ni hili: alifikiri chombo chake ni kile kile cha jana, kumbe kilikuwa kimegeuka.

2. Kinga inageuka wakati gani?

Kufunga mashini katika kinga si jambo jipya. Huko Ufaransa, tangu mwaka 1946, kiwanda kimoja kiliuza VéloSoleX. Ilikuwa kinga nyeusi yenye mashini ndogo juu ya gurudumu la mbele. Mashini ilizungusha kigogo kidogo kilichobana mpira wa gurudumu, na gurudumu likazunguka. Siku hizi mashini ndogo nyingi zinafungwa katikati ya chuma cha kinga, na mnyororo unavuta gurudumu la nyuma. Namna ni nyingi, lakini kazi ni moja: nguvu haitoki tena katika miguu ya mtu, inatoka katika esansi.

Hapo ndipo sheria inapoweka mpaka. Mwaka 1968 mataifa mengi yalikutana katika mji wa Vienna, wakapatana juu ya sheria za barabara. Kongo, iliyoitwa Zaïre siku zile, iliingia katika mapatano hayo mwaka 1977. Mapatano yanasema kwamba kinga ni chombo kinachoendeshwa kwa nguvu za mwili wa mtu peke yake. Kikiwa na mashini isiyopita 50 cc, na mwendo wake usipite kilometa 50 kwa saa, ni kinga ya mashini. Kikipita hapo, ni pikipiki kamili.

Hii 50 cc ni nini? Ni ukubwa wa nafasi iliyo ndani ya mashini, mahali pa kuchomea esansi. Ninyi mnaochomwa sindano hapa mmeona bomba la sindano la 10 cc. Mabomba matano ya namna hiyo ni 50 cc. Pikipiki nyingi za njia zetu zina 100 cc, au 125, au 150. Maana yake, mbele ya sheria hizo si kinga kabisa, hata kama ni nyembamba na nyepesi.

Kwa hiyo usihesabu pedali. Uliza tu: nguvu inatoka wapi? Ikitoka katika mashini, umeingia katika sheria ya vyombo vya mashini.

3. Mwili hauna habari ya jina la chombo

Serikali haikuweka mpaka huo bure. Sisi wa hospitali tunauona mpaka huo katika mifupa ya watu.

Mtu anayekwenda na kinga kilometa 20 kwa saa, akigonga ukuta, anaumia kama mtu aliyeanguka toka juu kiasi cha meta moja na nusu. Ni kama kuanguka toka mezani. Atachubuka, pengine mkono utavunjika. Sasa ongezeni mwendo mara mbili, uwe kilometa 40 kwa saa. Je, maumivu yataongezeka mara mbili? Hapana. Nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Ni kama kuanguka toka juu ya meta sita, yaani juu ya mchikichi. Na kwa kilometa 60 kwa saa, ni kama kuanguka toka meta kumi na nne. Hakuna mtu mwenye akili anayeruka toka mchikichi kwa kuwa ana haraka. Lakini yule anayekwenda mbio bila kujilinda anaihatarisha roho yake vivyo hivyo.

Tena kuna jambo la macho na mkono. Mtoto akitokea njiani, mwendeshaji anahitaji kama sekunde moja kabla mkono wake haujashika breki. Katika sekunde hiyo, kwa kilometa 20 kwa saa, amekwenda meta tano na nusu. Kwa kilometa 40, amekwenda meta kumi na moja, na breki hazijaanza kazi. Kwa hiyo mwenye kufunga mashini katika kinga kuukuu, na kuziacha breki zile zile, amejitengenezea hatari mwenyewe.

4. Karatasi zina kazi gani?

Mgonjwa akija hapa, kwanza tunamwandika. Tunampa karatasi yenye jina na namba. Bila karatasi hiyo, dawa ya mtu mmoja ingepewa mwingine, na hakuna atakayejua nani alitibiwa nini. Karatasi za chombo zina kazi kama hiyo. Katika Kongo sheria kubwa ya barabara ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Haya ndiyo maneno ya kukumbuka.

Kwanza, plaki na karte roze. Kila pikipiki ina namba iliyogongwa katika chuma chake, na nyingine katika mashini. Ukiiandikisha, namba hizo zinaandikwa pamoja na jina lako. Unapewa plaki ya kufunga nyuma, na karte roze, ndiyo karatasi ya kuonyesha mwenye chombo. Kazi hii iko chini ya ofisi ya kodi ya Serikali, iitwayo DGI. Peleka karatasi ya kununulia, karatasi za forodha, na kitambulisho chako. Ukinunua kwa mtu mwingine, mwandikiane karatasi ya kuuziana, na jina libadilishwe. Vinginevyo, chombo kikiua mtu, polisi watamtafuta yule aliyekuuzia. Na wewe uliyefunga mashini ndogo katika kinga, tunza karatasi ya duka ya mashini na ya kinga pia, upeleke zote ofisini ili chombo kiandikwe katika fungu lake. Kikiibwa, utaonyesha nini kama hukukiandikisha?

Wengine wanasema kwamba plaki ni kwa vyombo vikubwa tu. Lakini huko Ubelgiji, tangu mwaka 2014, hata kinga mpya yenye mashini ndogo inatakiwa kuwa na plaki. Chombo kidogo nacho kinaweza kuvunja mguu wa mtu na kukimbia.

Pili, permi. Plaki ni ya chombo, permi ni ya mtu. Permi ya pikipiki ni ya fungu A. Inaonyesha kwamba umejifunza na umejaribiwa. Anayenunua permi bila kujifunza amejidanganya mwenyewe. Kona ya njia haisomi permi.

Tatu, asiransi, ndiyo bima. Tangu amri namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, kila chombo chenye mashini kinachopita njiani lazima kiwe nayo. Miaka mingi kampuni ya Serikali, SONAS, ndiyo peke yake iliyoiuza. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungulia njia kampuni nyingine. Fahamuni vizuri: asiransi hii ya lazima ni kwa ajili ya yule utakayemwumiza, ili apate malipo ya matibabu na hasara yake. Mguu wako wewe mwendeshaji haumo, ila umenunua asiransi nyingine ya kuongezea. Kwa hiyo anayekataa asiransi hajanyima kampuni fedha tu. Amemnyima mama wa mihogo kitanda na dawa.

Nne, kodi ya kila mwaka, ambayo watu wanaiita vinyeti. Hiyo inalipwa kwa Serikali ya jimbo.

Bei hazifanani katika kila jimbo. Uliza ofisini, lipa mahali pa kulipia, na dai karatasi ya malipo. Fedha uliyompa mtu kando ya njia, bila karatasi, imepotea. Kesho utadaiwa tena.

5. Kofia ngumu

Karatasi zinamlinda jirani. Kichwa chako kinalindwa na kofia ngumu, wengine wanaiita kasike. Habari ya kofia hiyo ilianza na munganga mmoja na mgonjwa mmoja.

Tarehe 13 Mei 1935, huko Uingereza, askari na mwandishi T. E. Lawrence alikuwa akienda na pikipiki yake. Ghafula aliwaona vijana wawili wenye kinga mbele yake. Alipinda ili asiwagonge, akaanguka, akaumia kichwa. Hakuwa na kofia ngumu. Alilala siku sita bila kuamka, akafa tarehe 19 Mei. Mmoja wa waganga waliomtunza alikuwa Hugh Cairns, munganga wa kupasua ubongo. Neno hilo halikutoka moyoni mwake.

Vita vilipokuja, Cairns aliona kwamba katika miezi 21 ya kwanza, waendeshaji wa pikipiki na abiria wao 2279 walikufa barabarani huko Uingereza, na wengi waliuawa na majeraha ya kichwa. Mwaka 1941 aliandika habari hizo. Kati ya walioumia aliowaona, saba tu walikuwa wamevaa kofia ngumu, na wote saba walipona. Mwaka ule ule jeshi la Uingereza liliwaamuru askari wake wa pikipiki wavae kofia. Raia wa Uingereza walilazimishwa kwa sheria mwaka 1973, yaani miaka 38 baada ya Lawrence kufa.

Je, kofia inafanya nini? Ubongo ni laini kama ugali mbichi, nao umo ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kikigonga jiwe, ubongo unapigwa kwa mfupa wake wenyewe. Kofia ina ganda gumu nje na kitu laini ndani. Kitu hicho laini kinabonyea, na nguvu ya pigo inapungua kabla ya kufika kichwani. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya uchunguzi 61 wa nchi mbalimbali, wakaona kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa kwa sehemu 42 katika mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa sehemu 69 katika mia.

Lakini kofia iliyoning'inia katika mkono haimlindi mtu. Ivae, na ufunge mkanda chini ya kidevu. Ikiisha kugonga chini kwa nguvu, itupe, hata kama huoni ufa. Abiria naye avae. Wengine wanakataa kofia ya mwendeshaji wa kulipwa, kwa sababu wanaogopa chawa na mapunye. Hofu yao tunaifahamu. Basi, funga kitambaa chako safi kichwani, kisha vaa kofia juu yake.

6. Katika njia

Katika Kongo tunapita mkono wa kuume. Hata Rwanda na Burundi ni vivyo hivyo. Lakini ukivuka kwenda Uganda, Tanzania au Zambia, huko wanapita mkono wa kushoto. Wafanya biashara wa mpakani, msisahau neno hilo hata siku moja.

Washa taa, uonekane. Pungua mwendo karibu na soko, shule na kanisa. Usiendeshe ukiwa umekunywa pombe. Chukua abiria mmoja, asiye mtoto mchanga aliyebanwa katikati ya watu wawili. Miguu ya mtoto inaingia katika nyaya za gurudumu, nasi tunaijua kazi ya kushona visigino. Na bomba la moshi ni moto kama sufuria: likikuchoma mguu, mwagia maji safi ya baridi dakika ishirini. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

7. Mtu akiisha kuanguka

Usikimbie. Kukimbia ni kosa mbele ya sheria, tena kunaweza kumwua aliyeumia. Ukiogopa kupigwa na watu wenye hasira, nenda moja kwa moja kwa polisi au kwa mkubwa wa mahali, na hapo hapo uombe msaada kwa ajili ya mgonjwa.

Waliobaki wasimamishe vyombo vingine. Penye damu, gandamiza kwa kitambaa safi, usiache. Asiyejitambua lakini anapumua, mgeuzeni kwa ubavu, kichwa na shingo na mgongo vigeuke pamoja kama gogo moja, ili asisongwe na matapishi. Msimpe maji wala chakula. Mguu uliovunjika ufungeni kwa fimbo mbili kabla ya kumwinua. Msimkalishe aliyevunjika paja katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Mchukueni kwa machela au kwa gari. Mtu mmoja aandike namba ya plaki. Na hapa mtaona faida ya plaki: bila hiyo, mama wa mihogo hatamjua aliyemvunja.

Turudi kwa mwalimu wetu. Alipomaliza deni alinunua tena kinga, akaweka akiba, na mwisho akapata pikipiki. Safari hii, kabla ya kuipanda hata mara moja, aliisukuma kwa miguu mpaka ofisini. Watoto wa shule walimcheka njiani: mwalimu ana pikipiki, naye anatembea! Aliwaacha wacheke. Alijua ni kwa nini anatembea.

Maulizo ya kufundishana

1. Kinga inageuka kuwa chombo cha mashini wakati gani?
2. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara ngapi?
3. Plaki ni ya nani, na permi ni ya nani?
4. Asiransi ya lazima inamlipa nani?
5. Kwa nini haifai kumgeuza aliyeanguka kichwa peke yake?
6. Katika kijiji chenu, ni nani mwenye kinga au pikipiki isiyoandikishwa? Ni mkristo gani atakayemwendea kwa upole, kabla mama mmoja hajaletwa hapa kwa machela?